Tabaka la Baba

Siku hizi mashine huzibomoa nyumba zetu kila mwaka na kuzijenga upya, zikifuata mchoro tunaoutoa kwenye kompyuta. Kisichochorwa hakirudi. Vitu vya kila mkaaji vina tabaka lake kwenye mchoro, kama karatasi angavu inayoweza kuwashwa au kuzimwa, na sheria inataka tabaka la marehemu lizimwe kabla mchoro haujatolewa.

Nilipozima la Baba, kiti chake cha dirishani kilitoweka kwenye kioo cha kompyuta. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kikombe cha chai ya tangawizi ambayo bado humwekea Baba kila jioni kwenye mkono wa kile kiti.

"Mwantumu," akasema, "sasa hii chai nitaiweka wapi?"

Nikaliwasha tena lile tabaka, nikakihamishia kile kiti kwenye tabaka la Mama, kisha nikazima la Baba na kuutoa mchoro.

Nyumba ilipokamilika, kiti kilikuwa palepale dirishani. Mama akakipapasa, akatabasamu.

"Umekiweka tabaka la nani?"

"Lako, Mama."

Akaweka kikombe cha chai kwenye mkono wa kiti.

"Mwakani kihamishie kwako, mwanangu. Nikifa, usije ukatuzima wote wawili siku moja."