Yatima Mwenye Mama

Fuko kijana alikuwa fundi wa maneno. Alipoomba nafasi katika chuo cha Mwalimu Korongo, akatakiwa aandike insha kuhusu maisha yake; aliyaona hayana mvuto, akajiandika yatima: mama kafa kwa njaa. Korongo aliisoma mbele ya waombaji wote wa nafasi huku akitokwa na machozi.

Mara sakafu ikapasuka, akachomoza Mama Fuko, kucha zimejaa udongo, kabeba minyoo kwenye jani. Huko chini alikuwa amesikia kila neno.

"Huyu kijana ni nani wako, mama?" Korongo aliuliza.

Mama akamtazama mwanawe. Fuko akainamisha kichwa.

"Jirani tu, Mwalimu," Mama akajibu. "Nimemletea yatima chakula."

"Nafasi umepata, kijana. Haya, mshukuru jirani."

Fuko akasema kwa aibu, "Ahsante, jirani."

Mama akarudi chini, akalifukia shimo nyuma yake.