Mpishi wa Kwenye Riwaya

Siku hizo kila kitabu kilijigeuza chenyewe kulingana na utajiri wa msomaji, asije akaudhika. Mwanakheri, mpishi wa majumba ya watu, alimpigia simu mdogo wake Salha, mtunzi wa riwaya aliyokuwa ametoka kuisoma, akilia kwa furaha.

"Mdogo wangu, yule bosi alivyompeleka mpishi wake hija, nimetokwa machozi!"

"Hija gani?" Salha alifoka. "Tajiri kamfungia mpishi stoo mpaka akafa! Ndivyo nilivyoandika! Wamekufanya mjinga, dada, na mimi wamenitukana!"

Akakimbilia rafuni kuchukua nakala yake amsomee ukweli. Riwaya hiyo ndiyo iliyomtajirisha, ikamjengea ghorofa, akaajiri na mpishi. Alipekua kurasa zote huku dada yake akingoja kwenye simu. Mpishi hakuwemo kabisa.