Mashine Ikinyamaza

Mashine ilinyamaza asubuhi peupe, na mtaa mzima ukaanza kuuliza nani amekufa.

Mgeni angecheka. Lakini hapo mjini Baraka, kando ya ziwa, kwa watu wanaoishi kuzunguka kituo cha kusafisha maji machafu, hilo lilikuwa swali la kawaida. Kituo kilipojengwa, wazee walikubali kelele ya ile mashine inayopuliza hewa ndani ya bwawa kwa sharti moja tu: kukiwa na msiba izimwe, ili watu walie wasikike. Tangu hapo wafiwa walikimbilia kwanza kwa Félicité, mwendeshaji wa mashine, naye akazima. Hakukuwa na haja ya tangazo. Kimya kikiingia, bamama walijifunga vitenge, wakabeba mikeka, unga wa muhogo na kuni, wakaja hadi langoni kuuliza msiba uko nyumba gani.

Na tangu mvua zianze, mashine haikuwa imenyamaza hata mara moja. Mtaa ulijivunia hilo. Walisema Mungu amewakumbuka.

Siku hizi Félicité alifika kazini mapema, akasimama karibu na mashine kuliko ilivyohitajika, akaacha ngurumo ijae kichwani mpaka pasibaki nafasi ya kitu kingine. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Hakusikia njaa, hakusikia uchovu. Majirani walisema ni kungoja mume. Dieumerci alikwenda kuchimba dhahabu Misisi, na mke wa mchimbaji, jamani, hukauka kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, juu ya mchanga.

Zamani alizoea kwenda kwenye maegesho ya pikipiki kuuliza habari za huko. Akaacha. Siku moja, mwanzoni mwa mvua, dereva mmoja wa pikipiki aliyetoka Misisi alimfuata kituoni, akamsemesha sikioni kwa sababu ya kelele, akaondoka. Mama Pulchérie, mama mkwe wake, alimwona akipita. Jioni akauliza mwanawe anasema nini.

"Barabara imeharibika, Mama," Félicité alijibu, akaendelea kusonga bugali.

Mama Pulchérie alikwisha kuzika watoto watatu. Alibakiwa na huyu mmoja, na kila jioni alimfunikia sahani yake, huenda akatokea.

Kisha akaja injinia Raphaël kutoka Bukavu, na sanduku lake la nyaya. Jenereta ya kituo ilikunywa mafuta ya mazutu mchana na usiku, na wafadhili walikuwa wamechoka. Matumizi yasipopungua, kituo kingefungwa, na maji machafu yangerudi kumwagwa ziwani, palepale watu wanapooga na kuchota. Félicité angekosa mshahara, na Mama Pulchérie dawa zake za presha.

Raphaël alieleza taratibu, bila kujivuna. Uchafu unaliwa na vijidudu vilivyomo majini, na vijidudu hivyo vinataka hewa. Lakini vikishatosheka, kuendelea kupuliza ni kuchoma mazutu bure. Angetia kifaa cha kupima hewa bwawani. Hewa ikitosha, mashine ijizime yenyewe, ikipungua, ijiwashe.

Félicité alikataa. Alisema bwawa litanuka, na Raphaël akamwonyesha kwamba halitanuka. Alisema moteri itaungua kwa kuwashwa na kuzimwa ovyo, na Raphaël akamwonyesha kwamba haitaungua. Félicité akaogopa. Alishangaa kuona kwamba bado anaweza kuogopa.

"Ikinyamaza, batu batakuja," alisema mwishowe.

Raphaël alimjibu kwa upole kwamba waje tu, wataelezwa. Akaunganisha waya wa mwisho.

Na sasa walikuwa wamekuja. Walijaa langoni, hatua chache kutoka bwawani, na mizigo yao vichwani, nyuso zimekwisha kuvaa huzuni, wakingoja tu jina la kulilia. Mama Pulchérie alikuwa mbele, mkeka kwapani. Hakukosa msiba wa mtu.

"Ni nani, mutoto yangu?" aliuliza.

Félicité aliyatazama maji ya bwawa. Alikuwa amesahau jinsi yanavyotulia.

Raphaël akapanda juu ya ukingo, akawaambia wasihangaike, hakuna aliyekufa. Mashine inapumzika tu ili mazutu yadumu, na kituo kisifungwe. Kuanzia leo italala na kuamka yenyewe, na kimya chake hakitakuwa tena habari ya msiba. Wenye msiba watafute njia nyingine ya kusema.

Watu waliguna, kisha wakacheka. Mama mmoja alidai injinia ambebee kuni zake mpaka nyumbani, kwani ndiye aliyemfanya azibebe. Mama Pulchérie alicheka mpaka akafuta macho, akamshukuru Mungu kwa sauti. Wenzake walianza kugeuka, mmoja mmoja.

"Twende, mutoto yangu," alisema. "Leo nimepata ndagala mbichi, ile Dieumerci anapenda."

Félicité aliitafuta ile ngurumo imfunike. Haikuwapo. Akauchukua mkeka kwapani mwa mama mkwe wake, akautandika chini, pale pale kando ya bwawa.

"Bamama, musirudi nyumbani," alisema. "Mama, ikala hapa juu ya mukeka. Shimo la Misisi lilimufunika Dieumerci tangu mvua ya kwanza."