Kilo Mia na Sitini

Orest Hnatiuk alitoka kwa kunyata kwenye trela aliyoishi na mkewe, amekumbatia jiwe la ule mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, kama mtu aliyeiba mtoto wa watu. Kilo kumi na tisa. Klabu ya mchezo huo ya mji wa Quesnel, Kanada, ilimpa siku alipostaafu kiwanda cha mbao, na jina lake lilichongwa juu. Alilitia kwenye toroli, akalifunika koti, akalikimbiza duka la mitumba la kanisa kabla mkewe Marlene hajamaliza kuoga.

"Una hakika, mzee?" aliuliza mama wa dukani. "Lina jina lako hili."

"Akina Orest tuko wengi," akajibu, na kuondoka bila kumtazama usoni.

Aibu hiyo ilikuwa na miezi miwili. Marlene alitaka trela ndogo, ya watu wawili waliozeeka. Orest alicheka mbele ya muuzaji. "Mama, mimi nimepima magogo miaka thelathini na moja. Leo unanifundisha uzito?" Akachukua ile kubwa, ambayo pua yake hupanda na kukaa mgongoni mwa pikapu, chumba cha kulala kikiwa juu ya hiyo pua. Tangazo la pikapu lilisema inavuta tani saba. Trela ilikuwa tani sita. Kwa Orest, hesabu ilikwisha hapo. Wakauza nyumba.

Nyumba ilipokwisha kuuzwa ndipo alipoinama kusoma kibandiko cha ndani ya mlango wa dereva. Kumbe kuvuta ni jambo moja, na kubebeshwa ni jingine. Kisheria, magurudumu ya pikapu ile yasibebe zaidi ya kilo 4,490. Jumapili, Marlene akiwa kanisani, Orest aliipeleka, na trela yake nyuma, kwenye mizani ya barabara kuu. Kituo kilikuwa kimefungwa, lakini taa ya namba huachwa ikiwaka kwa yeyote anayetaka kujua ukweli wake. 4,650.

Masikio yalimwaka. Alibandika bendera ndogo ya Kanada juu ya kile kibandiko, na Marlene aliporudi akamwambia, "Nimepima. Safi kabisa!"

Oktoba walipaswa kushuka kusini, mji wa Osoyoos, kukimbia baridi. Wakisimamishwa na uzito ule, trela haiendi popote. Na Marlene, aliyeacha bustani ya miaka ishirini na sita, angejua kwamba nyumba yake iliuzwa kwa hesabu za mpumbavu.

Basi Orest akaanza kupunguza, kitu kimoja kila wiki, kutoka stoo ya mbele. Spana zake, kilo thelathini na nane. Jiliwa la kubania vyuma, ishirini na saba. Msumeno wa injini, kumi na mbili. Fuawe la kufulia chuma la marehemu baba yake, sitini na nne. Hilo alilisukuma hadi mgongo ukalia. Na sasa jiwe. Jumla, mia na sitini kamili.

Lakini kila Jumapili taa ilimwambia vilevile: 4,650. Hata baada ya jiwe. 4,650.

"Hii mizani imelewa," alijisemea, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kilichomtesa zaidi ni upole wa Marlene. Mwanamke aliyemtolea ukali miaka arobaini na mitatu ghafla akawa asali.

"Leo ni siku gani, mpenzi?"

"Jumanne. Kwani vipi?"

"Vizuri sana!" Akampigia makofi. Kisha, taratibu: "Na spana zako ziko wapi?"

Orest alitazama bakuli lake la pirogi, vile vibumunda vya unga vyenye viazi ndani. "Spana gani?"

Marlene akamshika mkono. "Haidhuru. Kula."

Siku hiyo alimtilia mfukoni karatasi yenye namba yake ya simu. "Ukichelewa dukani," alisema. Orest akaona hastahili mke wa namna hii.

Theluji ya kwanza ikagusa milima. Hakuwa na kisingizio tena. Waliondoka Alhamisi, Orest akiendesha huku akiomba kimoyomoyo, na mchana ofisa wa kike mwenye koti la kung'aa akawapungia waingie mizani.

"Umezidisha mia na sitini, mzee wangu. Huko mbele umeweka nini?"

"Hamna kitu! Hata spana moja hamna! Ingia ukague mwenyewe!"

Ofisa aliingia, wao wakimfuata. Alipita stoo, ilikuwa tupu. Akapanda chumbani, akainua kitanda upande wa Marlene. Chini, vimefungwa mablanketi kama vichanga, vililala spana, jiliwa, msumeno, fuawe na jiwe. Kila kimoja kilikuwa bado na kikaratasi cha bei cha duka la kanisa.

 Marlene alimvuta ofisa pembeni, lakini chumba cha trela hakina pembeni.

"Usimkaripie, mwanangu. Ni kichwa. Anagawa vitu anavyovipenda, halafu hakumbuki. Baba yake alianza hivihivi. Mimi huenda kununua na kurudisha kimyakimya, asije akaona aibu. Lile fuawe padri ndiye aliyenibebea." Akajifuta machozi. "Kosa la uzito ni langu. Huyu kwenye uzito hajakosea maisha yake yote."

Ofisa alimgeukia Orest, uso umelainika. "Ni kweli, mzee? Ni wewe uliyevitoa?"

Orest alifungua mdomo aseme yote: tangazo, kibandiko, nyumba. Alimtazama mkewe. Akaufunga. Kisha akaufungua tena.

"Samahani, binti," akauliza kwa sauti ya chini, "hivi hapa ni wapi?"