Vishindo vya Saa Kumi

Mzee Maeng alipunguza sauti ya runinga kwa mara ya tatu jioni hiyo, akainua uso kuitazama dari. Saa kumi kama kawaida, vishindo vilikuwa vimeanza tena. Kishindo kimoja, kimya kidogo, kishindo cha pili. Katikati yake, sauti nyembamba ya mtoto ikihesabu.

"Nne... tano..."

Kwenye runinga, mpelelezi alikuwa akimtafuta mtoto aliyefungiwa na wazazi wake. Tamthilia hiyo mji mzima wa Wonju ulikuwa ukiifuatilia, lakini Mzee Maeng hakuweza kuitazama tena. Miaka thelathini aliendesha treni bila wasiwasi, na sasa alikuwa na hofu kwa ajili ya Tae-o wa gorofa ya nane, juu ya nyumba yake, mtoto wa miaka mitano aliyemwinamia kwa adabu kila walipokutana kwenye lifti.

Vishindo vilipokoma, akashuka gorofa ya sita kwa Bi Pyo, mwenyekiti wa wakazi. Tangu mjukuu wake mdogo apelekwe kwa baba yake mjini Busan, kama alivyowaambia majirani, mama huyu aliishi peke yake, na jengo zima lilikuwa kama familia yake. Alifungua mlango kwa kuchelewa, mikono ya sweta ameikunja, jasho likimtiririka.

"Karibu, mzee wangu. Kuchachusha kabichi za kimchi mwaka huu kutanitoa roho."

"Mama mwenyekiti, yule mtoto wa juu anapigwa."

Bi Pyo akashusha pumzi. "Hata mimi navisikia huku kwangu. Yule mama yake tangu aachike hana subira kabisa. Usinyamaze, mzee. Unaiona ile tamthilia? Majirani walinyamaza, mtoto akafa." Machozi yalimlengalenga. Akamfungia bakuli la kimchi aende nalo.

Usiku huo Mzee Maeng hakupata lepe la usingizi. Asubuhi akapiga simu polisi.

"Gorofa ya saba?" afisa aliyeitwa Seon akaguna. "Baba, kila wiki wa saba anamshtaki wa nane, wa nane anamshtaki wa tisa, na aliye juu kabisa anawalaumu njiwa. Au umezidisha tamthilia?"

"Mtoto anahesabu fimbo, kijana! Ukimkuta maiti utakuja kunichekesha tena?"

Afisa Seon hakucheka tena. Alifika kabla ya mchana na mwanamke wa ustawi wa watoto. Waliingia kwa Eun-bi, mama yake Tae-o, Mzee Maeng akisubiri nje ya mlango, na walipotoka walikuwa wamemshika mtoto mkono. Kwenye muundi wake kulikuwa na alama ya bluu, pana kama kiganja.

"Alianguka kwenye bembea!" Eun-bi alilia, soksi moja mguuni. "Waulizeni walimu wake! Mzee Maeng, nimekukosea nini mimi? Si ungekuja kugonga tu!"

Mzee alitazama ukuta. Tae-o, kwa mazoea, akamwinamia kabla ya kuingia kwenye lifti.

"Tutakaa naye siku tatu tu kwanza, wakati tunachunguza," alisema Afisa Seon.

Bi Pyo, aliyekuwa amesimama ngazini, akamshika mzee mkono. "Umemwokoa mtoto wa watu. Ingekuwa mimi ndiye mama yake, ningeona haya kuonekana."

Siku hiyo saa kumi ilipita kimya. Ya pili pia. Mzee Maeng angepaswa kutulia, lakini hakutulia hata kidogo. Alikoroga supu asiinywe, akafungua dirisha, akalifunga, akasimama sebuleni bila kujua alichokifuata huko. Alimwona Eun-bi akiburuta sanduku kwenye theluji kwenda kwa mama yake, na nyumba ya juu ikabaki tupu, imefungwa. Alijiambia kuwa mtoto yuko salama. Alijiambia mara nyingi.

Siku ya tatu, saa kumi kamili, kishindo kikasikika.

Mzee Maeng akaganda katikati ya sebule, uso darini. Huko juu hakukuwa na mtu. Cha pili. Cha tatu. Sauti ile ile nyembamba ikaanza kuhesabu, na mzee akahisi baridi mgongoni ingawa sakafu ya kupashwa moto ilikuwa na joto lake la kila siku la majira ya baridi.

Hakuwa amevaa soksi. Kila kishindo kilikuwa kikimpanda kupitia nyayo.

Akapiga magoti taratibu, kisha akalala kifudifudi, sikio sakafuni.

"Tisa," mtoto akasema, karibu kabisa. "Kumi."

Kisha sauti ya Bi Pyo, ile ile ya kwenye vikao vya wakazi, ikajibu bila haraka:

"Umeruka saba. Anza upya."