Mbu wa Mashimo ya Kaa

Vivian alipiga magoti topeni, akaingiza mrija kwenye shimo la kaa na kuvuta pumzi taratibu. Mbu akanasa ndani ya kichupa. Tumbo lake lilikuwa jekundu, limetuna.

"Huyu kashiba," akasema. Bramwel, mwenzake wa maabara, akakipokea kichupa na kukifunika.

Ni mbu asiyejulikana na wengi. Maskani yake ni mikokoni, mayai huyataga kwenye gando la kaa, na haendi mbali na mashimo hayo. Watafiti walitaka kujua anamnyonya nani huko matopeni: ndege, nyani, au mtu? Jibu lilikuwa katika damu iliyomo tumboni mwake.

Vivian ndiye aliyeomba wafanyie kazi hori hili la bahari la Mikindani. Hapa ndipo waokota kuni walipokuta shati na viatu vya Tsofa, ndugu yake wa pekee. Tsofa alikuwa karani katika ghala moja huko Changamwe. Aliona magendo yaliyokuwa yakipakuliwa mle, akakubali kwenda kuyasema mahakamani. Kesi haijasikizwa, akatoweka. Watu wakasema amekufa maji. Wengine, kwa sauti ya chini, wakasema maji hayana kosa. Matanga yakakaliwa bila maiti. Nyuma kabisa waliketi wanaume wawili wageni, wakaulizauliza kama mwili umepatikana.

Tangu hapo mama yao, Dorcas, akawa mtu wa kimya. Mara kwa mara alijitwika kikapu chake akateremka mikokoni, kumwombea mwanawe, alivyosema. Vivian hakumfuata. Mzazi aachwe na kilio chake.

Utafiti ulipoanza, mama alimsihi atafute mahali pengine. Aliposhindwa, akawa anauliza kila jioni, "Kesho mtakuwa upande gani?"

"Ng'ambo, Mama, kule kwenye mikoko minene."

"Kule tope linameza mtu. Bakini huku huku."

Vivian aliona ni hofu ya mama aliyezika mmoja bila kaburi, asitake kumpoteza na wa pili. Akawa anamridhia. Lakini siku moja maji yalikupwa sana, njia ikawa wazi, naye na Bramwel wakavuka. Jioni hiyo mama alipouliza walikokuwa, Vivian alimdanganya ili asimtie wasiwasi.

Siku chache baadaye, simu ya Bramwel ilimkuta mchana, akinunua unga duka la karibu na kwao.

"Vivian, ni kuhusu wale mbu wa ng'ambo. Mmoja ana damu ya mtu. Nilidhani ni yako imeingia kwa bahati mbaya, nikailinganisha na ile uliyotoa hapa maabara. Si yako. Ni ya mwanamume. Lakini mmezaliwa naye baba mmoja, mama mmoja."

"Bramwel, usinichezee."

"Kwa jambo kama hili? Siwezi. Tena damu haikawii tumboni mwa mbu, husagika upesi. Tulipomnasa, alikuwa ametoka tu kumuuma."

Vivian aliuacha unga pale pale juu ya meza ya muuzaji. Alimpita fundi cherehani, akawapita akina mama waliopanga foleni ya maji na madumu yao, akilia na kucheka kwa pamoja. Kila aliyemuuliza kulikoni alimjibu: Tsofa yu hai, yuko mikokoni, kule ng'ambo. Mama mmoja akampigia mwenzake simu. Nyuma yake vigelegele vikapanda, vikapokewa nyumba kwa nyumba.

Alimkuta mama jikoni akimenya muhogo. Akamwangukia magotini na kumweleza yote, pumzi zikimkatika: mbu, damu, majibu ya Bramwel. Kisha akamshika mikono, akingoja apige yowe, au azimie.

Dorcas alikitua kisu. Alisimama, akaenda mlangoni, akasikiliza vile vigelegele vinavyosogea, kisha akausukuma mlango na kutia komeo.

"Nilimwapia ndugu yako kwamba hata wewe hutajua," alisema. "Sasa niambie, mwanangu, wamekusikia wangapi?"