Nukta Nyekundu ya Likwata

Risasi ilipita kando, simba akamgeukia Huseni.

Likwata hakuwahi kutia risasi ya pili. Alipiga mayowe, akarusha panga, akapiga mayowe tena, mpaka watu wakaja mbio wakigonga madebe na mnyama akakimbilia porini. Huseni, rafiki yake tangu jandoni, akabebwa kwa machela hadi zahanati ya Pande, bega lake limechanika vibaya.

Kesho yake kijiji kizima kilikusanyika mbele ya duka la ushirika. Hakuna aliyeuliza habari za bunduki. Macho yote yalikuwa kwa Bi Mwanaima, mama yake Likwata.

Kosa lake lilijulikana. Wakati wa Operesheni ya serikali ya kuunda vijiji, malori yalipowahamisha kutoka Namatungu na kuwamwaga hapa, bibi huyu aligoma kushuka. Waliposhika mikono yake na kumshusha kwa nguvu alisema mbele ya kadamnasi, "Kijiji hiki hamtakikalia kwa raha! Mume wangu na wanangu wawili wamezikwa kule." Basi simba alipoanza kula mbuzi, watu wakaunganisha maneno. Huku kusini simba wa porini ni mmoja na simba wa kutumwa kwa uchawi ni mwingine, na huyo wa kutumwa risasi haimpati.

"Tunangoja mpaka Ijumaa," alisema Fakihi, katibu wa kijiji. "Simba asipokufa, bibi arudi alikotoka. Akakae na mizimu yake."

Likwata alijipenyeza mbele. Namatungu ilishakuwa mahame, nyumba zimechomwa, kisima kimefukiwa na majani. Mama mwenye umri ule, peke yake kule, angeliwa hata kabla mvua hazijaanza.

"Mama yangu si mchawi!" alifoka. "Kosa ni la bunduki!"

Watu wakacheka. Hakuwajali. Bunduki ya mgambo aliyokabidhiwa ilikuwa kuukuu, ya enzi za Mwingereza, na kile kijichuma cha kulengea kilichokaa juu ya ncha ya mtutu kilikuwa kimelegea na kuhama upande. Akakigonga kwa nyundo taratibu mpaka kikarudi katikati na kukaza. Kisha akachovya njiti kwenye rangi nyekundu iliyobaki walipoandika kibao cha duka, akatia nukta pale nchani, ionekane hata jua likishazama. Akaweka kifuu cha nazi juu ya kichuguu, akarudi nyuma, akaituliza nukta juu yake, akafyatua. Kifuu kikasambaratika. Likwata alicheka peke yake kama mwehu.

Aliporudi nyumbani aliitundika bunduki ukutani, juu ya kitanda cha mama yake, kama siku zote. Mkewe Mboni hakutaka silaha chumba kimoja na watoto.

"Mama, safari hii haikosi," alisema.

Bi Mwanaima alikuwa anapeta mchele. "Umeitengeneza kweli?"

"Nimeitengeneza. Hakuna atakayekuondoa hapa, labda wanizike kwanza."

Mama yake alimtazama, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno, kisha akarudia ungo wake. Likwata alimwonea huruma. Mwanamke aliyekuwa akisikika mtaa mzima, siku hizi hofu imemnyamazisha.

Jumatano, magharibi inaingia, simba alitokea kando ya mihogo akasimama wazi kabisa. Nukta nyekundu ikatulia kifuani pake. Likwata akabana pumzi, akafyatua, na vumbi likaruka mbali huko pembeni. Simba alichukua mbuzi wake akaondoka bila hata kukimbia.

Likwata aliikagua bunduki. Rangi ilikuwapo, haijabanduka hata chembe. Lakini kijichuma chote kilikuwa kimehama tena.

"Nilikikaza mwenyewe!" alimwambia Fakihi. "Na bunduki ilipiga sawasawa!"

"Chuma hakina miguu, Likwata," Fakihi alijibu, safari hii kwa upole. "Hilo ndilo tunalokwambia siku zote."

Maneno yale yalimwingia. Alirudi nyumbani, akamkuta mama yake anasali, na kwa mara ya kwanza maishani akajikuta anamtazama kwa wasiwasi. Alijichukia kwa hilo. Iwe ni simba wa kutumwa au ni chuma kibovu, alijiambia, yeye hana mama mwingine.

Alhamisi akakigonga kijichuma upya, akakikaza kwa nguvu zake zote. Hakurudi nyumbani. Alilala kwenye banda la mbuzi, bunduki kaikumbatia, mwili umejaa mbu, na kulipopambazuka simba akaja. Nukta ikatulia. Safari hii mnyama aliruka mara moja tu, akaanguka.

Vigelegele vilivyopigwa asubuhi ile vilisikika mpaka mashambani. Vijana walimbeba Likwata juu juu. Fakihi, mtu mzima na kofia yake, aliongozana naye mpaka nyumbani kuomba radhi.

Bi Mwanaima alikuwa ameketi kizingitini. Amejitanda khanga zake nzuri, mkeka umekunjwa, sufuria na jembe vimefungwa pamoja kwa kamba. Likwata alipoiona ile mizigo akashindwa kujizuia, akalia. Alipiga magoti, akamshika mikono.

"Fungua mizigo, mama. Yamekwisha. Utakaa hapa na sisi mpaka siku ya mwisho ya maisha yako."

"Nilikigonga kile kijichuma kwa mchi kidogo tu, mwanangu," alisema mama yake, machozi yakimtiririka. "Walikuwa wameshakubali kunirudisha nyumbani."